Upande wa Nyuma wa Kadi: Maisha ya Kapitolina Yegorovna Tretyak

Ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake na marehemu, wanafunzi wake, na wageni wetu mliovuka mto asubuhi ya leo, familia imemchagua mdogo wake wa mwisho, Yevsey Yegorovich, nahodha mstaafu wa meli za mtoni, awasomee historia hii, si kwa sababu anasoma vizuri, bali kwa sababu ndiye pekee aliyebaki katika watu ambao marehemu aliwagombeza tangu wakiwa na meno ya utotoni. Ameonywa na mpwa wake Rimma asizidishe maneno. Atajitahidi, lakini hatoi ahadi.

Marehemu Kapitolina Yegorovna, aliyeitwa Kapa na wote waliompenda na wachache waliomwogopa, alizaliwa tarehe 2 Februari 1938 katika kijiji cha Sukhaya Protoka, kilomita arobaini kushuka mto Amur kutoka mji huu wetu wa Blagoveshchensk, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa Yegor Fomich Loskutov, mwasha taa za mtoni, na mkewe Ustinya Karpovna, mpishi wa kantini ya bandari. Baba alikuwa akipiga kasia kila jioni kwenda kuwasha taa zake, na ng'ambo kulikuwa na Mchina mmoja aliyewasha za upande wao, hawakujuana lugha, lakini waliinuliana kofia kwa miaka kumi na tano, na marehemu alikuwa akisema kwamba hayo ndiyo mazungumzo ya kwanza ya kimataifa aliyoyashuhudia, na kwamba yaliyofuata yote yalikuwa na maneno mengi kuliko yalivyohitaji.

Alianza shule ya msingi tarehe 1 Septemba 1945, akiwa amevaa viatu vya kaka yake vilivyojazwa magazeti kwenye ncha, na hapo hapo, kabla hata hajajua kusoma vizuri, alimuudhi mwalimu kwa kuuliza kwa nini gazeti lililo ndani ya kiatu chake linasema adui ametupwa kwenye jalala la historia, jalala hilo liko wapi, na nani analizoa. Mwalimu alimpa kona asimame. Alimaliza sekondari mwaka 1955 kwa alama za juu, akaenda Khabarovsk kusoma lugha ya Kichina kwa miaka mitano, na katika miaka hiyo, kuanzia Septemba 1958 hadi Juni 1959, alipelekwa mji wa Harbin, China, kwa mazoezi, akapangiwa chumba kimoja na binti aliyekuwa akisoma Kirusi, jina lake Qu Shulan.

Waombolezaji, Shulan huyo ndiye yule mama aliyekaa mstari wa mbele, mwenye skafu ya kijivu na kopo la biskuti mapajani, na kwa kuwa anaelewa kila neno ninalosoma mimi Yevsey, itabidi nichunge ulimi.

Wasichana hao wawili walikuwa na mchezo mmoja, kusomeana magazeti ya nchi zao kila asubuhi na kuchekana. Shulan alisema, "Kapa, ninyi Warusi mkikasirika gazetini lazima mwende vitani au hospitalini, kila kitu ni mapambano, kila kitu ni jipu, hivi hamna hata siku moja ya kukaa nyumbani?" Kapa naye akamjibu, "Na ninyi mkikasirika mnaingia jikoni na mtoni, mara jiwe, mara chui, mara chungu, mtu hajui ametukanwa au amekaribishwa chakula!" Kicheko hicho ndicho kilichozaa kazi ya maisha yao, kwa sababu siku moja walikaa wakakubaliana kwamba mafumbo ya siasa hayajulikani kwa kamusi, yanajulikana kwa kilichofuata, basi kila fumbo litaandikwa kwenye kadi yake, mbele maneno yenyewe na tarehe na jina la gazeti, na nyuma, zikipita siku thelathini, kitaandikwa kitu kimoja tu, nini kilitokea baada ya maneno hayo.

Kadi ya kwanza iliandikwa tarehe 5 Mei 1959, siku ambayo magazeti ya pande zote mbili yalichapa maneno yale yale, "Undugu wetu ni wa milele". Shulan aliandika kwa Kichina, Kapa akaandika chini yake kwa Kirusi, nyuma wakaiacha wazi, na kadi ikabaki kwa Kapa. Ishikeni hiyo kadi akilini, maana imewasumbua watu wengi, nikiwemo mimi.

Marehemu aliajiriwa tarehe 15 Agosti 1960 na gazeti la Ukingo wa Amur, hapa mjini, akiwa mfasiri na msomaji wa magazeti ya ng'ambo, na mwaka huo huo Shulan akaajiriwa na gazeti la mji wa Heihe, ng'ambo, mbele yetu pale, mahali ambapo mtu akitundika shuka tunaiona. Walionana mara ya mwisho tarehe 1 Mei 1962 kwenye sherehe za bandarini. Baada ya hapo wakubwa wa nchi hizi mbili wakakosana, mto ukafungwa, barua zikakatazwa, na marafiki wawili wakakaa mita mia saba na hamsini kutoka mmoja hadi mwingine kwa miaka ishirini na mitano bila neno hata moja.

Kapa hakuacha kadi. Alifunga ndoa tarehe 17 Septemba 1964 na Innokenty Pavlovich Tretyak, fundi wa mitambo ya kuchapia, marehemu naye sasa, mtu mpole asiyezidi maneno kumi kwa siku, ambaye wengine walipoposa kwa maua yeye aliposa kwa kadi elfu mbili alizozikata mwenyewe kutoka kwenye mabaki ya karatasi nzito za kiwandani, zote sawasawa, kona zake zimeviringwa ili zisimchane vidole. Mama yetu alishika kiuno akasema, "Huyu ni mume au ni duka la karatasi?" Kapa alijibu kwamba ni vyote viwili, na kweli waliishi pamoja miaka arobaini na saba, wakajaliwa watoto wawili, Rimma, aliyezaliwa tarehe 11 Juni 1966, na Gleb, aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 1970.

Ilipofika Machi 1969 risasi zikalia mpakani. Mhariri mmoja alikuja mezani kwake, akaitoa kadi ya kwanza sandukuni, akasema kwa kejeli, "Haya, Kapitolina Yegorovna, undugu wa milele, jaza sasa nyuma, kilichofuata ni risasi." Yeye akainyakua, akaifuta vumbi, akasema, "Risasi zina kadi yake. Hii imesema milele, na milele haijatimiza siku thelathini." Watu walimwona ana wazimu, wakaliita sanduku lake kikapu cha bibi, na hapa lazima nikiri, maana mgala muue na haki yake mpe, kwamba miongoni mwa waliocheka nilikuwapo mimi ndugu yake.

Na sikucheka tu. Januari 1971 nilikuja kwake kutoka melini nimeganda hadi kope, nikakuta jiko limezimika na yeye hayupo, nikachukua furushi la kwanza la karatasi kavu nililoliona nikawashia moto, kumbe nimechoma kadi sitini na tatu. Aliporudi hakupiga kelele, afadhali angepiga. Aliniuliza, "Umeota moto vizuri, Yevsey?" kisha akanipeleka maktaba kwa sikio, mtu mzima mwenye cheo cha naibu nahodha, akaniketisha mbele ya magazeti ya miaka saba, nikazinakili upya zote sitini na tatu, mbele na nyuma, siku kumi na moja, kwa mwandiko wangu huu ambao kuku angeuonea haya. Siku ya tano niliacha kununa. Nilikuwa nimeanza kuona alichokiona yeye, kwamba kuna maneno yanavuma kama debe tupu na nyuma yake hakuna kitu, na kuna maneno yanasemwa taratibu, kwa adabu, na nyuma yake kuna makaburi.

Sasa nafika kwenye siku ambayo familia hii itaisimulia hata kwa vitukuu. Mwaka 1987 wakubwa wa pande zote mbili walikubaliana kwamba Jumapili ya tarehe 20 Septemba meli moja itavuka kutoka hapa kwenda Heihe na wazee arobaini na wawili, watu wenye ndugu, wake waliotenganishwa, marafiki wa shule, kuvuka kwa kwanza tangu mto ufungwe, na jina la Kapa lilikuwa la kumi na tisa kwenye orodha. Alishona gauni. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na katika yote aliyoyataka duniani, hilo la kukaa tena meza moja na Shulan ndilo alilokuwa hajawahi kulitamka kwa sauti.

Jumatatu ya tarehe 7 Septemba gazeti la ng'ambo likatoka na makala yenye maneno makali, "Anayeinua jiwe ampige jirani, litamwangukia mguuni mwake mwenyewe." Mji ukatetemeka. Mwenyekiti wa kamati ya kuvuka, Ardalyon Kuzmich Pogrebnoy, aliita mkutano Jumatano asubuhi, akapiga meza, akasema, "Jiwe! Wametuahidi jiwe mchana kweupe, nami niwapelekee bibi zetu kwenye boti? Meli haiendi, orodha ichanwe." Wajumbe kumi na moja wakatikisa vichwa kukubali, na mimi niliyekuwa nimeitwa kama nahodha wa meli hiyo nikakaa kimya, Mungu anisamehe, kwa kuwa nilikuwa naogopa kibarua changu.

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia dada yangu anasukuma kigari cha mtoto, kile cha Gleb cha zamani, tairi moja linalia, ndani yake hakuna mtoto bali masanduku matatu. Pogrebnoy akasema, "Kapitolina Yegorovna, hapa si mahali pa kulea." Akamjibu, "Ardalyon Kuzmich, nilea nisilee, hawa ni wangu, nipishe mezani." Akatoa kadi thelathini na moja, akazipanga kwenye kitambaa cha kijani cha meza ya kikao, na zote akazilaza kifudifudi, akasema, "Fumbo la jiwe na mguu, kwenye magazeti yao, tangu mwaka 1960. Mbele mnapajua. Someni nyuma."

Pogrebnoy alivaa miwani akaanza kusoma kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza haraka. Kilichofuata, hakuna. Kilichofuata, hakuna. Kilichofuata, makala nyingine ndefu zaidi. Kilichofuata, hakuna. Kilichofuata, salamu za mwaka mpya. Akafika kadi ya kumi na nne akasimama, akaisogeza karibu na dirisha, akauliza, "Na huu mwandiko wa nani, mbona kama kuku amekanyaga wino?" Kapa akanionyesha kwa kidole, "Wa nahodha wako. Za kwanza alizichoma." Kikao kizima kikanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi watu wakacheka, hata Pogrebnoy mwenyewe masharubu yakamcheza. Akaendelea mpaka ya thelathini na moja. Hakuna moja iliyofuatwa na tone la damu, na tisa kati ya hizo zilikuwa hazituhusu kabisa, zilimlenga mtu mwingine wa mbali, sisi tulikuwa tumekaa tu kwenye njia ya jiwe.

Kisha akatoa furushi dogo lililofungwa kwa uzi mwekundu, kadi nne tu, akasema, "Hizi zina maneno mengine, mapole kuliko jiwe. Yanasema, msije mkasema hamkuonywa." Hazikusomwa kwa sauti. Pogrebnoy alizigeuza moja moja, na kwenye ya tatu alikaa kitako, kwa sababu nyuma yake palikuwa pameandikwa risasi, na chini yake jina la kijana wa jirani yake mwenyewe ambaye hakurudi. Dada yangu akamwambia taratibu, "Siku maneno haya yakitoka nitakuwa wa kwanza kukimbia kwako kukwambia funga mto. Yametoka Jumatatu?" Akasema, "Hayakutoka." Akamwambia, "Na aya ya mwisho ya makala ile imeuliza hali ya hewa ya Septemba upande wetu. Mwenye nia ya kupiga haulizi kama mgeni atahitaji koti."

Pogrebnoy akamtazama sana, akauliza, "Na ukikosea?" Kapa akapiga moyo konde akajibu, "Nikikosea nifukuze kazi, na masanduku haya uyachome uani mbele yangu, maana kadi zinazodanganya ni kuni, na ndugu yangu huyu ni hodari wa kuwasha." Wajumbe wakashika matama. Pogrebnoy alichukua kalamu, akatia saini, tarehe 20 ikabaki palepale.

Siku zile kumi na moja dada yangu hakulala vizuri wala kula vizuri, Innokenty alinisimulia baadaye kwamba alikuwa akisimama dirishani anahesabu madirisha ya ng'ambo, na kila gazeti lililoingia alilifungua akitafuta yale maneno mapole. Hayakuja.

Jumapili ile niliishika mimi mwenyewe usukani, na naapa mbele ya kaburi hili kwamba sijawahi kuendesha meli polepole namna ile, nilibeba wazee arobaini na wawili waliovaa nguo za harusi na za msiba, anayecheka na anayelia wote benchi moja. Ng'ambo kulikuwa na watu hadi juu ya mapaa. Mbele ya wote alisimama mwanamke mwembamba mwenye makopo ya biskuti mawili kwapani, na kabla hata kamba haijafungwa alipaza sauti kwa Kirusi kizuri kuliko changu, "Kapa! Ninyi na visu vyenu vya hospitali mtaniua! Gazeti lenu limeandika tarehe tatu kwamba jipu la mpakani litapasuliwa kwa kisu, na hapa wote wakasema tunachinjwa, meli isipokelewe, nimetoka jasho wiki nzima nawatandazia kadi mezani, visu hamsini na nane, na nyuma ya vyote hamna kilichokatwa isipokuwa keki!" Kapa akamjibu akiwa bado kwenye daraja la meli, huku machozi yanamtiririka, "Na ninyi na mawe yenu!" Wakakumbatiana, makopo yakadondoka, kadi za Shulan zilizokuwamo zikatapakaa bandarini, na ndugu zangu, niliwaona polisi wa nchi mbili wamepiga magoti wanaziokota pamoja na kuzipanga kwa tarehe.

Yaani kila mmoja, bila barua, bila simu, alikuwa ameshika ahadi yake miaka ishirini na mitano upande wake wa maji. Meli ikavuka tena mwezi uliofuata, kisha kila wiki, kisha watu wakasahau kwamba iliwahi kukatazwa, na huo ndio ushindi wenyewe.

Baada ya hapo marehemu alipewa idara yake, akafundisha kizazi kizima cha wasomaji magazeti, ambao baadhi yao wako hapa na nywele za mvi, na mwaka 1996 yeye na Shulan wakatoa kitabu chao chenye mafumbo elfu kumi na mbili ya magazeti ya Kirusi na Kichina, kila moja na kilichofuata. Maprofesa wa miji mikubwa walikuja kukaa jikoni kwake wakala pelmeni, vile vidonge vya unga vyenye nyama ndani, na kuandika, na walipomsifu kwamba kazi hiyo ni kubwa alinionyesha mimi akasema, "Usione vyaelea, vimeundwa, na vingine vimenakiliwa na mwizi wa kuni." Alistaafu tarehe 31 Desemba 2003, akiwa na kadi elfu arobaini na moja mia tatu na ishirini, na alipoulizwa na Innokenty, kabla mzee huyo hajatutoka mwaka 2011, kwa nini ile ya kwanza bado haijajazwa na mto umekwisha funguka, alisema, "Mimi ni shahidi mwenye upendeleo. Na bado niko hai, basi milele haijafika."

Tarehe 19 Aprili 2023 marehemu alipatwa na kiharusi kilichochukua mkono wake wa kulia, akalazwa wiki tano, akarudi nyumbani akawa anamwamrisha Rimma aandike kadi na kumkosoa herufi. Kila Jumapili saa nne alizungumza na Shulan kwa simu, wakisomeana magazeti na kuchekana. Oktoba mwaka huu moyo ukaanza kuchoka, tarehe 28 akalazwa tena, na Jumanne ya tarehe 5 Novemba akaomba kadi ya kwanza iletwe, akaiweka chini ya mto wake wa kulalia, akamwambia Rimma, "Mpe Shulan. Yeye ndiye ataona." Alikata kauli asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2024, saa mbili na dakika ishirini, akiwa na umri wa miaka themanini na sita, miezi tisa na siku nne, ameacha watoto wawili, wajukuu watano, kitukuu mmoja, na ndugu mmoja mwenye mwandiko mbaya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, ambao walivumilia kusahihishwa namna wanavyozungumza na wagonjwa, majirani wa ngazi ya tatu waliombeba kwa kiti hadi chini mara zote mbili, na jopo lote la Ukingo wa Amur, ambao jana waliandika kwamba nguzo imeanguka, nasi tunawaambia kwa upendo kwamba yeye angeuliza nyuma mmeandika nini. Tukitoka hapa tunaelekea kwa Rimma, kuna ngano ya asali na chapati za maji, asiondoke mtu na njaa.

Na wa mwisho tunamshukuru Qu Shulan, mwenye miaka themanini na sita, ambaye leo Ijumaa, tarehe 8 Novemba, alipanda basi la kuvuka mto saa moja asubuhi peke yake, akafika kwa Rimma, akapewa kadi, akaomba kalamu, akaandika nyuma yake kwa Kichina na chini kwa Kirusi, akanikabidhi niisome kama ilivyo, na haya ndiyo maandishi yake: "Kilichofuata: nilivuka mto kuja kumzika dada yangu, na hakuna aliyeniuliza nakwenda wapi."

Kapa, kadi imejazwa. Lala kwa amani.